Uzi: Kamba na vifaa vya kukwea mti kwa wanaowinda na tandiko kwenye baridi kali

#1 Mwana wa Mkwezi (mleta uzi), Grand Rapids, Michigan

Wakuu, habari za majira haya. Wadogo zangu wanne hapa Grand Rapids wameingia kwenye uwindaji wa upinde mwaka huu, na wote wananiuliza jambo lilelile: nikitaka kukwea mti kwa kamba mwezi wa Desemba, ninunue nini? Nimekuwa nikijibu vipande vipande kwenye simu, na swali lenyewe ni la uhai wa mtu, kwa hiyo naliandika lote hapa. Uzi utakuwa mrefu. Mwenye ujuzi zaidi anisahihishe.

Kwa wasiojua: tandiko ni mkanda mpana wa kukalia, unaozunguka makalio na mapaja. Mbele yake kuna kamba fupi inayounganisha nyonga mbili, tunaiita daraja. Daraja linanasa kwenye kamba ya juu, ile uliyozungushia shina la mti. Miguu inakanyaga kijukwaa kidogo, nawe unaegemea nyuma, kamba ikikubeba. Ukipanda, kiunoni unakuwa na kamba nyingine inayozunguka mti, kama ile ya mafundi wa umeme wanaopanda nguzo. Uzuri wake ni kwamba mzigo wote unaingia kwenye begi moja, na mti wowote ulionyooka unakufaa.

Baba yangu alikuwa mkwezi wa minazi Pangani. Kitanzi cha kamba miguuni, panga kiunoni, na kabla jua halijawa kali ameshamaliza mstari mzima. Nilikua nikiamini kamba ni kamba, anayetofautiana ni mtu. Michigan ndiyo iliyonifundisha kwamba kamba nayo ina hali ya hewa yake.

Msimu wa bunduki hapa unaanza Novemba 15 hadi 30, na mwezi wa Desemba unarudi msimu wa upinde. Ndio ninaoupenda: watu wamepungua msituni na kulungu wanarudi kwenye njia zao. Lakini ndio wakati ziwa Michigan linapotutupia theluji yake. Miaka miwili iliyopita nilikuwa kwenye mwaloni huko Allegan, mita 6 juu. Mchana ilinyesha mvua iliyochanganyika na theluji, kamba ikalowa. Jioni mawingu yakaondoka na baridi ikashuka hadi nyuzi 11 chini ya sifuri. Mwezi huo jua huzama saa kumi na moja na dakika chache, na nilipotaka kushuka giza lilikuwa limeshaingia. Fundo langu la prusiki, lile la kamba ndogo inayozungushwa kwenye kamba kubwa na kuishika ukiilemea, lilikuwa limeganda likawa kitu kimoja na kamba. Nikilivuta haliendi juu wala chini. Nikavua glavu ili nilishike vizuri, na baada ya dakika mbili vidole havikujua tena kama vimeshika kamba au gome la mti.

Nilichofanya: nilijifunga kwa kamba ya kiunoni ili niwe na mahali pawili pa kushikiliwa, nikarudisha mikono ndani ya koti mpaka hisia zikarudi, kisha nikafunika fundo kwa vile vifuko vya unga wa chuma vya kupashia mikono nikalibana kiganjani. Ilichukua kama dakika 40 fundo kulegea. Nilishuka salama. Mke wangu alikuwa ameshapiga simu mara tisa.

Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja. Kifaa cha Desemba sikichagui kwa uzito wala kwa jinsi kinavyopendeza dukani. Nakichagua kwa swali hili: mkono wangu uliovaa glavu nene, gizani, utaweza kukiendesha kikiwa na barafu? Kama jibu ni hapana, nakiacha cha Oktoba.

Tuanze na kamba, maana watu wengi huanza na vyuma.

Kamba zetu zina sehemu mbili, kiini ndani na ganda nje. Kinacholowa kwanza na kuganda kwanza ni ganda. Nailoni hunywa maji. Ikilowa hupoteza kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya nguvu zake, inanenepa kidogo, na ikiganda inakuwa kama fimbo. Poliesta hunywa maji machache mno. Kwa Desemba nimehamia kamba zisizovutika zenye ganda na kiini cha poliesta. Sterling HTP ni mfano wa aina hiyo. Haimaanishi poliesta haigandi. Maji yaliyokaa katikati ya nyuzi yataganda tu, ila ni machache na ukiikunjakunja yanavunjika na kudondoka.

Unene. Vijana wanapenda kamba za milimita 8 kwa kuwa zinaingia mfukoni, na za kisasa zina nguvu za kutosha kumbeba mtu. Nguvu si tatizo. Tatizo ni kwamba kamba nyembamba haina pa kushika kwa glavu, na ikipata ganda la barafu breki nyingi zinaiona kama utelezi. Kwa kukwelea natumia milimita 11. Kwa mita 15 inazidi kilo moja, na nakubali kuibeba. Milimita 8 naiacha kwa kamba ya juu peke yake, ile ya kujifungia nikishafika.

Angalia lebo. Kamba ya EN 1891 (kiwango cha Ulaya cha kamba zisizovutika sana) aina A imepimwa kuhimili angalau kilonewtoni 22, aina B 18. Kilonewtoni ni kipimo cha nguvu. Mtu wa kilo 90 akining'inia ametulia ni kama kilonewtoni 0.9. Kamba ya duka la vifaa vya ujenzi isiyo na alama yoyote usiikwee, hata kama ni nene kama mkono.

Vyuma. Hapa kuna makundi matatu.

La kwanza ni vibano vyenye meno, vile vya kupandia. Meno yanatoboa barafu na kushika, na hiyo ndiyo sifa yake. Kasoro: theluji ikijaa katikati ya meno, kinateleza. Kila hatua chache kipulize au kigonge kwa kidole. Na kamwe usiache kamba ilegee juu yako ukiwa umenasa kwenye kibano cha meno, maana ukianguka, mshtuko wa kilonewtoni 4 na kuendelea unaweza kuanza kuchana ganda la kamba.

La pili ni vibano vidogo visivyo na meno makali, vyenye mikwaruzo tu, ambavyo wengi wanaviweka kwenye kamba ya juu na ya kiunoni badala ya prusiki. Ropeman 1 inachukua kamba za milimita 10 hadi 13, Kong Duck 8 hadi 13. Kwa Desemba hivi nimevipenda. Unasukuma kwa dole gumba ukiwa na glavu, hakuna fundo la kuganda. Lakini soma vipimo! Nimemwona mtu ameweka kamba ya milimita 8 kwenye kifaa cha 10 na kuendelea, anashangaa kinateleza.

La tatu ni breki zinazojifunga zenyewe, za mtindo wa Grigri. Hiyo inachukua milimita 8.5 hadi 11. Unapandia nayo, unashukia nayo, hubadilishi kitu ukiwa juu. Ni raha. Lakini inafanya kazi kwa kubana kamba, na kamba yenye barafu haibaniki vizuri. Usiiamini peke yake.

Mtindo wangu basi: kamba moja iliyofungwa juu haiendi popote, napanda juu yake kwa breki, kibano kimoja mguuni na kitanzi cha kukanyagia, na juu ya breki naweka prusiki kama mlinzi. Nikifika, kamba ya juu inafungwa kwanza, ndipo nabadilisha chochote.

Karibuni.

#2 Dada Mpogoaji, Portland, Maine

Kaka Mwana wa Mkwezi, asante kwa uzi. Mimi ni mpogoaji wa miti kwa kazi, mwaka wa saba sasa, na miti haisubiri msimu wa joto. Nimekwea kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Naomba nikusahihishe sehemu mbili kwa heshima.

Kwanza, unalisingizia fundo kosa ambalo si lake. Umesema prusiki iliganda. Kamba ya prusiki ilikuwa ya unene gani, na ya nini?

#3 Mwana wa Mkwezi

Dada, ilikuwa nailoni, milimita 10 juu ya kamba ya 11. Ilikuja hivyo kwenye kifurushi.

#4 Dada Mpogoaji

Nilihisi. Unene umekaribiana mno. Kamba ya fundo inapaswa kuwa nyembamba kuliko ile inayoiuma, kwa milimita 2 au 3. Kwenye 11 weka 8. Kwenye 8 weka 6. Ikikaribiana, fundo linashika vibaya ukilihitaji na linagoma kulegea ukitaka kushuka. Ongeza nailoni iliyolowa, umepata ulichopata.

Chukua kamba ya fundo yenye ganda la aramidi. Ni ngumu kidogo, na haiyeyuki kwa joto la msuguano. Badala ya prusiki funga fundo jingine la kushika linaloitwa Distel. Linasukumika kwa mkono mmoja na halikwami kama prusiki. Kwenye kamba yenye barafu ongeza mzunguko mmoja. Mzunguko huo utaupunguza ukirudi chini, si ukiwa juu.

Pili, kushuka. Unaposhuka na breki kwa kasi, chuma kinapata joto, kinayeyusha barafu ya kamba, kamba inalowa upya na inaganda upya ukisimama. Nimewahi kusimama katikati na kuikuta breki imekamata kabisa. Kwenye baridi kali mimi hushukia kile chuma cha umbo la nane, na fundo la Distel chini yake likiwa limenaswa kwenye kitanzi cha mguu cha tandiko. Chuma cha nane hakina sehemu inayocheza. Hakina cha kuganda. Kinapitisha kamba ngumu kama waya. Kina ubaya wa kuisokota kamba, lakini mita 6 si kitu.

Na jamani, kabla ya kuondoa kamba ya juu, kaeni kwa uzito wote kwenye kamba ya kushukia mhesabu hadi kumi. Ajali nyingi za watu wa kamba zinatokea hapo hapo pa kubadilisha, mtu anaamini amenasa kumbe hajanasa.

#5 Mwana wa Mkwezi

Dada Mpogoaji, nimekubali kosa langu. Hilo la unene sikulijua, na nimewaambia watu vinginevyo kwa msimu mzima. Wadogo zangu mnaosoma: ule ushauri wangu wa simu kuhusu prusiki ya 10, ufuteni. Fuateni wa dada.

Chuma cha nane nitakijaribu. Swali: glavu nene kwenye kamba ya 11, mkono wa kushikilia chini unatosha?

#6 Dada Mpogoaji

Unatosha kama glavu ni ya ngozi. Glavu za sufu na zile za kitambaa laini zinateleza. Mimi navaa nyembamba za sufu ndani, za ngozi ya mbuzi juu. Zile nene za kukalia ziko mfukoni, nazivaa nikishatulia.

#7 Papa wa Fizi, Kentwood, Michigan

Yaya (kaka mukubwa), aksanti sana kwa mafasirio. Mimi niko hapa Kentwood, karibu na wewe. Kule kwetu Fizi nilikuwa nawinda na baba mu pori, lakini tulikuwa natega tu, hatukupandaka miti. Hapa rafiki wa kazi alinifundisha upinde, nilipita masomo ya usalama, niko na ruhusa yangu. Sasa shida: niko na dola 300 tu kwa mambo ya kupanda. Ile tandiko nilishanunua. Watu bananiambia nunua zile ngazi za vipande, iko rahisi. Wewe unasema kamba. Nifanye nini?

#8 Mwana wa Mkwezi

Papa, karibu sana, na hongera kwa kupita masomo. (Kwa wengine: Michigan, aliyezaliwa Januari 1, 1960 au baadaye lazima awe na cheti cha usalama wa uwindaji ndipo anunue leseni ya kawaida. Fanyeni, hata kama mliwinda nyumbani miaka ishirini.)

Ngazi za vipande si mbaya. Mimi mwenyewe nilianza nazo. Unafunga kipande kimoja, unakikanyaga, unafunga cha pili juu yake, mpaka vinne. Oktoba sina neno nazo. Desemba naona shida tatu. Ni chuma, na kila kipande unakishika, unakifungua na kukikaza kwa mikono. Hizo ni mara nne kupanda na mara nne kushuka, wakati vidole vimeshakufa kwa kukaa saa tatu. Ya pili, kikanyagio kina upana wa kiganja, na buti za baridi ni kubwa na zina theluji soli nzima. Ya tatu ni kelele. Chuma kikigonga chuma kwenye hewa kavu ya baridi, sauti inafika mbali. Kama unazo, zifunge utepe wa kitambaa, ule wanaozungushia magongo ya mchezo wa hoki, kila mahali panapogusana na kila mahali pa kushika. Unazuia kelele na unazuia chuma kunyonya joto la mkono.

Kwa dola 300 ningeanza na kamba ya poliesta ya 11, karabina tatu nzuri (zile pete za chuma zenye mlango, za kunasia kamba), chuma cha nane, kamba ya fundo ya 8, na kibano cha mguuni. Breki ya kujifunga subiri msimu ujao. Usinunue kamba iliyotumika na mtu usiyemjua. Chuma kilichotumika unaweza kukikagua kwa macho, kamba huwezi kuona ilimwagikiwa nini.

Sasa jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalofanya kamba ishinde ngazi Desemba: mti unautayarisha Septemba. Unarusha uzi mwembamba wenye kifuko cha uzito kwenye panda imara, uzi unabaki mtini unazunguka. Siku ya kuwinda unafunga kamba yako kwenye uzi, unaivuta juu, inazunguka panda na kurudi, unaikaza kwa kitanzi. Huhitaji kufanya kitu kigumu kwa vidole. Unapanda, basi.

Lakini kindi! Kindi hutafuna hizo nyuzi. Na upepo huzisugua. Ndiyo maana uzi ni wa kuvutia kamba tu, hata siku moja usiutegemee kukubeba. Kabla ya kuondoka ardhini ning'inia kwenye kamba kwa uzito wako wote, ruka kidogo, sikiliza. Tawi lililokufa linalia.

#9 Kijana wa Rochester, Minnesota

Wakubwa, shikamooni. Ndugu yenu kutoka Kisii, niko Minnesota. Huku ni baridi kuliko hapo kwenu. Nina swali na angalizo.

Angalizo: mzee mmoja wa huku aliniambia karabina za alumini zinavunjika kama glasi kwenye baridi, ninunue za chuma cha pua. Swali: kwa nini tusivae tu vile viatu vya miiba kama wapogoaji, tukapanda haraka?

#10 Dada Mpogoaji

Marahaba mdogo wangu. Huyo mzee amechanganya. Ni chuma cha kawaida cha kaboni, aina fulani zake, ndicho kinachoweza kuwa dhaifu kwa baridi kali. Alumini haina tabia hiyo, nguvu zake hazipungui kwenye baridi yetu ya kuwindia. Kinachotokea kwa karabina ni maji kuingia kwenye mlango na kwenye pete ya kufungia, yanaganda, mlango haufungi hadi mwisho. Ukidhani umefunga, umenasa kwenye karabina iliyo wazi, na karabina ya kawaida ikiwa imefungwa inabeba kilonewtoni 20, ikiwa wazi ni 7 tu. Isikilize mlio wake, kisha ibane kwa vidole uone haifunguki. Grisi usiweke, inashika vumbi na kuwa nzito kwenye baridi. Tumia unga mkavu wa grafiti.

Chagua karabina kubwa. Ile pete ya kuzungusha mara tatu ni salama sana, lakini ijaribu ukiwa na glavu kabla ya kununua. Ikikushinda dukani penye joto, juu ya mti itakushinda zaidi.

Viatu vya miiba: mimi navivaa nikikata mti unaoondolewa, basi. Kwenye mti unaoishi kila hatua ni kidonda kinachopita gome mpaka kwenye ngozi hai ya mti. Magonjwa yanaingia hapo.

#11 Mwana wa Mkwezi

Naongezea: kwenye ardhi ya umma hapa Michigan huruhusiwi kutumia kitu kinachotoboa gome hadi ndani, hata zile skrubu za kukanyagia. Kila jimbo lina sheria zake, someni kitabu cha msimu cha jimbo lenu kila mwaka.

#12 Nyuki wa Tabora

Nawasoma kutoka Tabora, jua linatuchoma. Babu zetu walipandisha mizinga ya magome kwenye miyombo kwa kamba za magome hayo hayo, hakuna kilonewtoni wala nini. Sisemi mnakosea. Nauliza tu: mwili wenyewe unaokaa saa tatu kwenye barafu, mnaufanyaje? Maana nimesoma kamba tu hapa, mtu sijamwona.

#13 Mwana wa Mkwezi

Umeuliza swali ambalo lingepaswa kuwa kwenye posti ya kwanza.

Kosa la kila mgeni ni kuvaa nguo zote kwenye gari. Anatembea nusu saa kwenye theluji na begi mgongoni, anakwea mita 6, anafika juu amelowa jasho. Ndani ya dakika ishirini jasho linapoa na anaanza kutetemeka. Mimi natembea nikiwa na shati moja la sufu ya merino na kizuia upepo, nahisi baridi kidogo njiani na nairuhusu. Koti kubwa limefungwa kwenye begi kwa nje. Nikishanasa kwenye kamba ya juu, natulia, naacha pumzi ishuke, ndipo navaa. Kwa hiyo tandiko lako lazima likae vizuri juu ya nguo chache na chini ya koti. Pima nyumbani ukiwa umevaa hivyo, na usinunue tandiko linalokubana ukiwa na suruali ya Oktoba.

Miguu ndiyo inayoshindwa kwanza. Sababu moja ni tandiko lenyewe. Mikanda ya mapaja ikikaza mno damu haishuki vizuri, na mguu usiopata damu hauna buti ya kuuokoa. Legeza mikanda ukishatulia, badilisha mkao kila baada ya muda, kaa kidogo, egemea kidogo, piga magoti gomeni ukiwa na pedi. Buti zenye soksi ya ndani ya manyoya inayotoka ni nzuri kwa sababu unaikausha usiku. Ila kibano cha mguuni lazima kiingie kwenye buti hiyo! Vingi vina mkanda mfupi. Nilikinunua changu bila kujaribu, nikalazimika kushonewa mkanda mwingine na fundi viatu.

Na weka mfukoni kitanzi cha kamba cha kukanyagia. Ikitokea umeteleza kwenye kijukwaa ukabaki unaning'inia, mikanda inakata mapaja na damu inabaki miguuni. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuzimia hivyo. Ukiwa na kitanzi unakinasa kwenye kamba, unasimama juu yake, damu inatembea, unafikiri.

Kuhusu babu zetu nakubaliana nawe. Baba naye hakuwa na kilonewtoni. Lakini kamba yake aliisuka mwenyewe, alijua umri wake kwa wiki, na ikianza kuchakaa aliikata vipande akafungia mbuzi. Mimi kamba yangu sikuisuka, kwa hiyo nimeandika mwaka wa kununua kwa kalamu kwenye lebo. Mtengenezaji kama Petzl anaipa bidhaa ya nyuzi miaka 10 isiyozidi hata kama imekaa kabatini, na ukiitumia sana ni mapema zaidi.

#14 Kijana wa Rochester

Na kukausha? Mimi huweka kamba juu ya hita ya sebuleni.

#15 Dada Mpogoaji

Acha leo. Itandaze kwa mizunguko mikubwa ndani ya nyumba, mbali na hita na jua, usiku mzima. Na usiiache kwenye buti ya gari ikiwa imelowa. Asubuhi utaikuta ni jiwe, na karibu na betri au mafuta ya msumeno ni hatari nyingine, maana asidi inakula nailoni bila kuacha alama. Ikiwa na barafu na huna budi kuitumia, ikunje kunje yote kwa mikono mita kwa mita, barafu ivunjike, ndipo uikwee.

#16 Mwana wa Mkwezi

Papa wa Fizi, na wengine wote mlionunua vitu wiki hii, nina ombi. Kabla ya kwenda msituni fanyeni jaribio hili. Lowesheni kamba kwenye ndoo, iacheni nje au gereji usiku wenye baridi. Kesho yake mfunge kwenye mti au nguzo imara, miguu ikiwa sentimita 30 kutoka ardhini. Vaeni glavu na buti zile zile. Zimeni taa. Pandeni hatua mbili, badilisheni, shukeni. Kisha mniambie.

#17 Papa wa Fizi

Yaya, nilifanya vile ulisema. Usiku ilifika nyuzi 9 chini ya sifuri, kamba ilikuwa mu garaje usiku muzima. Asubuhi ilikuwa sawa fimbo. Niliikunja vile dada alisema, barafu ikaanguka mingi.

Fundo ya 8 juu ya 11: mara ya kwanza niliketi, ikateleza kama upana wa kiganja, kisha ikashika. Sikupenda. Niliongeza muzunguko moja, ikashika palepale, mara tano zote. Kuilegeza na glavu ya ngozi iko sawa. Na glavu kubwa haiwezekane.

Chuma ya nane ilipitisha kamba bila shida. Lakini karabina yangu moja, ile ya kuzungusha mara tatu, ilinishinda gizani. Nilifungua kwa meno. Bibi yangu (mke wangu) aliniona, akasema mimi sipande muti na kitu ya kufungua na meno.

#18 Mwana wa Mkwezi

Papa, mama amesema kweli. Ile karabina irudishe dukani, chukua kubwa zaidi. Mzunguko wa ziada uache hapo hapo msimu wote.

Jumamosi saa tatu asubuhi njoo nyumbani, nyuma kuna mwaloni mnene. Hatutapanda zaidi ya mita 2. Tutafanya lile la kubadilisha kutoka kamba ya juu kwenda chuma cha nane mpaka mikono ilizoee, wewe ukifanya na mimi nikishika kamba ya pili. Kijana wangu atakuwepo pia, naye anaanza mwaka huu. Njoo na buti zile utakazowindia, na umwambie mama saa ya kurudi ni saa sita.

#19 Papa wa Fizi

Nitakuja. Nilishabadilisha karabina.